Kijiko cha Cheche

Mkuu wa kliniki alimimina vidonge vya binti yangu kwenye sahani ya plastiki, akaanza kuvihesabu kwa ncha ya kalamu, viwili viwili, taratibu, kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Mimi nimekaa mbele yake, kofia magotini. Cheche, ambaye ana miaka tisa na hajui kukaa kimya, alikuwa anahesabu naye kwa sauti ya chini, na akamtangulia.

"Kumi na sita," akasema.

"Hebu nyamaza wewe," mkuu akasema. Akamaliza. Kumi na sita, kama inavyotakiwa, hakuna cha kuzidi wala cha kupungua. Badala ya kufurahi akakunja uso. "Vidonge viko sawa, lakini damu haiko sawa. Mara ya mwisho virusi vilikuwa elfu thelathini, sasa ni elfu themanini na nne. Baba Cheche, huyu mtoto hamezi dawa."

"Anameza."

"Mnamwaga."

"Dokta, nampa kwa mkono wangu huu, asubuhi na jioni. Nakaa naye mpaka kijiko kinang'aa. Haibaki hata punje."

"Kila mzazi anasema hivyo hivyo."

Maneno hayo niliwahi kuyasikia nikiwa kwenye kiti hicho hicho, miaka mitano nyuma, mke wangu akiwa hai pembeni yangu. Naye aliambiwa hamezi. Wakampeleka kwenye darasa la ushauri, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, wakampa kijitabu aweke alama ya vema kila akimeza. Alimeza, akaweka alama. Siku walipokubali kwamba virusi vyake vimeshakuwa sugu na zile dawa zinapita mwilini kama maji, nilikuwa nambeba kwa mkono mmoja. Kijitabu ninacho mpaka leo. Alama zimejaa mpaka ukurasa wa mwisho alioishi kuuona. Na mkubwa wa wakati ule, yule aliyekuwa anamgombeza? Alipandishwa cheo. Huyu ndiye aliyerithi kiti.

Basi damu ikanipanda. Nikasimama.

"Mkuu, tazama miguu yako. Hizo soli nani alizishona?"

Akatazama chini ya meza. "Si wewe, fundi?"

"Mimi. Sasa nikuulize. Siku kiatu kikiachia, ukaniletea, umewahi kunisikia nikikuambia kosa ni lako, hujui kutembea?"

Mlangoni mtu akaangua kicheko. Alikuwa dada wa maabara, mgeni pale kliniki, amebeba trei ya vichupa, na miwani yake ilikuwa mikubwa kiasi kwamba Cheche alishampa jina siku ya kwanza: Miwani.

"Samahani, mkuu," Miwani akasema akijikaza. "Lakini hii ni mara ya tatu kipimo kinapanda, na ushauri wameshapewa mara tatu. Utaratibu unaruhusu. Tupeleke damu ikapimwe usugu."

"Foleni ya hicho kipimo unaijua?"

"Naijua. Ndiyo maana nataka aingie kwenye foleni leo."

Mkuu akasaini fomu bila kututazama. Nilitoka pale sijui kama nina hasira au matumaini. Kwa mke wangu kile kipimo kiliombwa akiwa kitandani hageuki. Kwa mtoto kimeombwa akiwa bado anarukaruka kwenye korido.

Maabara ilikuwa chumba chembamba, friji mbili na dirisha moja. Cheche alitoa mkono bila kulia, akawa anatazama damu yake inavyojaza kichupa.

"Usugu ni nini?" akauliza.

"Wewe hujachoka kuuliza?" nikamwambia.

"Mwache aulize," Miwani akasema. Akafunga kichupa, akavuta kigoda. "Sikiliza. Kirusi kikiingia kwenye chembe ya damu yako, kinaigeuza kiwanda. Kile kiwanda kinatoa utepe mmoja mrefu, vipuri vyote vya kirusi vimeungana humo, kimoja nyuma ya kingine. Utepe ule peke yake hauna madhara. Ila kirusi kina mkasi wake mdogo. Sisi tunauita proteasi, ni aina ya kimeng'enya. Mkasi ukikata ule utepe kwenye maungio yake, vipuri vinajipanga, kirusi kinakomaa, kinakwenda kuvamia chembe nyingine. Dawa unayotumia wewe inajipachika katikati ya meno ya mkasi. Inakwama hapo. Utepe haukatwi, na virusi vinavyotoka ni vibutu, haviambukizi kitu."

"Kama ngozi ambayo sijaikata," nikasema. "Hata iwe nzuri vipi, huwezi kuivaa mguuni."

Miwani akanitazama. "Fundi, umeelewa haraka kuliko mimi nilipokuwa chuoni."

"Na usugu?" Cheche akamkumbusha.

"Virusi vinazaliana mbio mbio, na kwa makosa mengi. Dawa ikiwa kamili kwenye damu, hata vikikosea vinazimwa. Dawa ikipungua, vinapata nafasi. Siku moja kinazaliwa kimoja ambacho mkasi wake una mdomo wa umbo tofauti kidogo. Dawa ikija haikai. Inateleza, inaanguka, na mkasi unaendelea kukata. Hicho ndicho kinachojaza ukoo mzima."

"Kikijaza?" nikauliza mimi.

Akavua miwani, akaifuta. "Tunatafuta dawa nyingine."

"Ipo?"

"Kwa mtoto wa umri wake, kabati letu linaishia hapa. Inayofuata tutaiomba mbali, na sijui itafika lini." Akavaa miwani. "Majibu ni wiki tano au sita. Mpaka hapo asikose hata dozi moja. Hata moja, Baba Cheche."

Nilirudi kibandani kwangu, chini ya ngazi za jengo la maduka, nikashindwa kushona. Nikachukua mkasi wa kukatia ngozi, nikabana kipande cha mpira wa soli katikati ya meno. Nikaufunga. Haukufungika. Nikaweka mkanda wa ngozi, haukukatika. Kumbe kweli! Nikachukua mkasi mwingine wa zamani, nikausugua mdomoni kwa tupa ya kunolea, kidogo tu, kiasi cha ukingo wa ukucha. Nikaweka mpira ule ule. Ukachomoka, ukadondoka kwenye vumbi, na ule mkasi ukakata mkanda kwa mlio. Nikakaa kitako. Kazi yangu yote ni kukata vitu, lakini siku ile mlio wa mkasi ulinitia baridi.

Wiki tano hizo nilimlinda Cheche kama yai. Saa moja asubuhi na saa moja jioni, bila kukosa. Niwaeleze utaratibu wangu, maana nilikuwa najivunia. Zamani alikuwa anapewa dawa ya maji. Miezi kumi na moja nyuma dawa ya maji ikaacha kuja, wakubwa huko juu wanajua kwa nini, na kwenye dirisha la dawa pale kliniki tukapewa vidonge. Cheche akavitapika. Viwili kwa mpigo, kila kimoja kama harage, koo la mtoto! Hapo ndipo nilipotumia akili. Nilitenga nyundo moja isiyogusa kiatu, nikaiosha kwa maji ya moto, nikawa nasaga vidonge kwa kishikio chake ndani ya kikombe cha chuma mpaka vinakuwa unga laini. Nachanganya na sukari na maji kidogo kwenye kijiko kikubwa. Analamba mpaka kijiko kinang'aa. Toka siku hiyo hakutapika tena.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuja kutusalimia akanikuta nasaga.

"Shemeji, ungekuwa mwanamke ungefaa sana jikoni."

"Na wewe ungekuwa bubu ungeolewa mapema."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akakaa kitandani, akauliza kwa sauti nyingine: "Majibu bado?"

"Bado."

"Na yakija vibaya?"

Niliendelea kusaga.

Siku ya thelathini na nane, mchana, Miwani mwenyewe alitokea kibandani. Pale watu hawajui habari zetu, na yeye alilijua hilo, kwa hiyo akavua kiatu chake kizima kabisa, akaniwekea mezani.

"Fundi, hebu nitazamie kisigino hiki." Halafu akainama kama anayeonyesha ufa. "Majibu yamefika. Sijayafungua, yako kwa mkuu. Mchukue mtoto shule, njooni."

Nilisimama na sindano mkononi. Kulikuwa na mteja, jamaa mmoja mnene wa duka la vitambaa, amekaa na mguu mmoja mtupu akisubiri kiatu chake. Nikaanza kufunga kibanda.

"Wee fundi! Kiatu changu!"

"Kesho!"

"Kesho nini, nitembee na kimoja?"

"Vua na hicho kingine!" nikamjibu, nikatoka mbio. Nilisikia matusi yake mpaka kona ya barabara. Shuleni nilimtoa Cheche darasani katikati ya hesabu, nikamshika mkono, tukaenda nusu tunakimbia nusu tunatembea, na yeye njia nzima: "Baba, mkasi umebadilika? Baba, umebadilika?"

Mkuu alikuwa na karatasi mezani. Miwani alisimama nyuma yetu, kiatu chake amerudishia mguuni. Mkuu akasoma kimoyomoyo, akairudia, akakohoa.

"Hakuna usugu."

"Sema tena?" nikasema.

"Proteasi ya virusi vyake haijabadilika popote. Dawa hii bado inaweza kufanya kazi."

Nilinyanyuka, kiti kikaanguka nyuma yangu kwa kishindo. Nikamwinua Cheche mpaka akagusa waya wa taa. "Mkasi ni ule ule! Mwanangu, mkasi ni ule ule!" Cheche anapiga kelele, mimi machozi yananitoka, kwenye korido watu wanachungulia. Nilikuwa nimejiandaa kuzika kwa mara ya pili, na mtu ananiambia dawa iliyoko kabatini inatosha!

"Kaa chini, Baba Cheche," mkuu akasema. "Kama virusi havijawa sugu, na bado vinapanda, maana yake ni moja tu. Dawa haiingii mwilini. Ni yale yale niliyowaambia toka mwanzo. Mnamwaga."

Furaha yote ikageuka moto. Nilimshusha mtoto. Kumbe majibu mazuri nayo ni kesi! Nilifungua mdomo, na yale niliyokuwa nataka kuyasema hayasemeki hapa, ila Miwani akaniwahi.

"Subirini. Baba Cheche, siku ile ulisema kitu. Ulisema unakaa naye mpaka kijiko kinang'aa."

"Ndiyo. Na kinang'aa."

"Kijiko cha nini? Mtoto anapewa vidonge."

Akajibu Cheche, kwa fahari kabisa: "Baba ananisagia. Na nyundo. Halafu anatia sukari."

Miwani akachukua boksi la dawa mezani, akatoa ile karatasi iliyokunjwa mara nane, yenye maandishi madogo kama mayai ya sisimizi na lugha ambayo mimi siisomi. Akaikunjua, akapitisha kidole.

"Kimezwe kizima," akatafsiri. "Kisitafunwe, kisivunjwe, kisipondwe." Akanitazama, na hakuwa na lawama machoni. "Kidonge hiki kimetengenezwa kwa namna yake, Baba Cheche. Ukikisaga, dawa inayofika kwenye damu ni kama nusu tu. Nyingine inapotea. Mkasi mmoja unazibwa, wa pili unabaki wazi."

Nikatazama mikono yangu. Miezi kumi na moja. Asubuhi na jioni. Mimi, niliyeapa juu ya kaburi la mama yake kwamba huyu hatapotea, ndiye niliyekuwa namnyima nusu ya uhai kwa kishikio cha nyundo, na tena nikijisifu. Cheche akanishika kidole.

Halafu nikamgeukia mkuu. "Nani aliniambia?"

"Dirisha la dawa walitakiwa kukueleza siku ya kubadilisha..."

"Dirishani niliambiwa neno moja tu. Mnalijua? 'Anayefuata!' Na wewe umeniita mara tatu, umehesabu vidonge mara tatu. Umeniuliza kama anameza. Umewahi kuniuliza anamezaje?"

Mkuu akavuta ile karatasi, akaisogeza karibu na macho. Niliona midomo yake ikicheza. Haki ya nani, yule mtu alikuwa anaisoma kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo mkasi bado unazibika?" Cheche akauliza, kama vile sisi wakubwa hatupo.

"Unazibika," Miwani akasema.

"Na dawa ya mbali siitaki tena?"

"Huihitaji. Lakini haraka, mdogo wangu. Kila siku ya nusu dawa ni nafasi ya kuzaliwa mkasi mpya. Mpaka leo una bahati. Tusiijaribu ya kesho. Jioni hii vimezwe vizima."

Saa kumi na moja shemeji alikuwa ameshafika na tochi, sijui ya nini. Tukaanza mazoezi kama Miwani alivyotuelekeza. Kwanza punje moja ya wali. Ikapita. Kisha kipande cha mkate kilichoviringishwa, kidogo, halafu kikubwa zaidi. Vikapita. Saa moja ikafika. Nikaweka vidonge viwili kwenye sahani, vizima, na ile sahani niliiona kubwa kama meza.

Cheche akaweka kimoja ulimini, akanywa maji. Maji yakapita, kidonge kikabaki. Akanywa tena. Tumbo likamvuta, akakitema kiganjani.

"Siwezi."

"Unaweza."

"Baba, kinanikaba!"

Jaribu la tatu alilia. La nne akakimbilia mlangoni. Sikupanga, lakini mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye rafu, kwa ile nyundo. Leo tu, nikajiambia. Aanze kesho. Shemeji aliniona. Akainyakua nyundo, akaiweka kwenye kigoda, akaikalia.

"Shemeji, inuka."

"Nimechoka, nimekaa."

"Umekalia nyundo!"

"Kumbe! Nikashangaa kigoda hiki mbona kigumu."

Cheche akaguna pale mlangoni, kicheko kikitaka kutoka. Nikapata wazo. Mimi mwenyewe natumia dawa za virusi hivyo hivyo, miaka mingi sasa, kidonge kimoja kila jioni, tena ni kikubwa kuliko vyake. Nikakitoa.

"Njoo. Tunameza wote. Tazama bingwa, mimi hata maji sitaki."

Nikakitupia mdomoni, nikameza. Kikakwama katikati. Macho yakanitoka, nikapiga kifua, nikanyang'anya kikombe cha mtoto, maji yakanimwagikia shatini mpaka mkandani. Shemeji alianguka kutoka kwenye kigoda, nyundo ikaviringika chini ya kitanda. Cheche alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Alipotulia akafuta machozi. Akaja mezani mwenyewe, bado anatabasamu. Akaweka kidonge, akajaza maji, akainamisha kidevu kama alivyofundishwa. Koo likapanda, likashuka. Akabaki ametoa macho.

"Kimeenda," akanong'ona.

"Fungua mdomo!" Shemeji na tochi yake. Juu ya ulimi, chini ya ulimi, kwenye mashavu. "Hakipo! Jamani, hakipo!"

"Cha pili," Cheche akasema, na akakimeza kabla hatujamaliza kushangilia. Tuliruka mle ndani sisi watatu mpaka jirani akagonga ukuta. Nikamgongea na mimi.

Wiki ile nilichonga kibao. Kuandika si fani yangu, lakini kukata ni kazi yangu. Kwenye mpira mweusi wa soli nilikata kidonge, nikakata nyundo juu yake, na mstari wa kuipiga marufuku. Nikaenda nikakipigilia misumari pembeni ya dirisha la dawa. Mkuu akakiondoa, eti ukutani hapawekwi kitu bila kibali. Nikakirudisha. Akakiondoa. Mara ya tatu nilikuta misumari minne badala ya miwili yangu, na kibao kimekaa sawa sawa. Sijui nani alikipigilia. Mkuu hakusema, nami sikumuuliza, na wala sijamsamehe.

Miezi mitatu baadaye tulirudi kupata majibu ya damu. Mkuu aliisoma karatasi mara moja tu.

"Virusi havionekani kwenye kipimo," akasema.

Safari hii kiti nilikishika mwenyewe kisianguke. Nilikuwa namuona mama yake kwenye kile kiti cha pili, na kijitabu chake mapajani.

"Vimeenda wapi?" Cheche akauliza.

"Vipo, vimejificha," Miwani akamjibu toka mlangoni. "Mikasi yao imezibwa. Ukiacha dawa, inafunguka."

"Siachi," akasema Cheche.

Mkuu akachukua sahani ya plastiki, akamimina vidonge, akainua kalamu. Halafu akaiweka chini. Akamtazama mtoto.

"Hebu niambie," akasema polepole, kama mtu anayejifunza neno jipya. "Unavimezaje?"

Cheche akashuka kitini, akaomba maji, akainamisha kidevu, akamwonyesha.